Shimo la Motembe

Kufuli la kwanza lilikuwa jeusi kama sufuria ya moto wa kuni. La pili liling'aa.

Inspekta Zilpa Aloo alichuchumaa kati ya matangi mawili ya kiwanda cha ngozi cha Motembe, akayatazama makufuli hayo, moja baada ya jingine, kisha akarudia. Yote mawili yalikuwa ya shaba ya njano, ya aina moja, yamenunuliwa siku moja. Lile jeusi lilifunga koki ya tangi la asidi, hatua kumi na mbili kutoka shimoni. Lililong'aa lilifunga koki ya tangi la chokaa, hatua tatu tu kutoka shimo lilelile.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, Juni 1976. Siku sita zilikuwa zimepita tangu Machogu na Okeyo wafe ndani ya shimo hilo. Mwenzao wa zamu, Opondo, aliokotwa ukingoni mwa shimo akiwa amezirai. Alipozinduka hospitalini alikuta pingu mkononi. Sasa alikuwa katika seli ya polisi mjini Kisii, na Jumatatu angesimamishwa kortini kwa kosa la kuwaua wenzake kwa uzembe. Zilpa alikuwa amekabidhiwa faili Jumanne, likiwa limeshafungwa kwa kamba, na kuambiwa alitie sahihi tu.

Nyuma yake Bwana Angwenyi, meneja, alisimama na leso puani.

"Kesi hii ni nyepesi, Inspekta," alisema. "Mnaipa uzito ninyi."

Akaeleza tena, kwa sauti ya mtu anayefundisha mtoto hesabu ya kwanza. Ngozi mbichi huanzia tangi la chokaa, ambamo hutiwa kemikali inayong'oa manyoya. Wafanyakazi huiita dawa ya manyoya. Baada ya siku mbili huoshwa na kupelekwa tangi la asidi. Maji machafu ya matangi yote mawili humwagwa katika shimo moja, lililofunikwa kwa mbao, kisha hupita kwenye bomba jembamba hadi mtoni. Dawa ya manyoya peke yake haina neno. Asidi peke yake haina neno. Zikikutana, hutoka gesi inayonuka kama mayai viza, na ikizidi hainuki tena, kwa sababu huua pua kwanza, halafu mwenye pua.

Jumamosi saa mbili asubuhi Opondo alifungulia asidi. Maji hayakwenda, bomba lilikuwa limezibwa na manyoya. Machogu akaondoa mbao, akashuka ngazi na koleo ili azibue. Akaanguka. Okeyo akamfuata kumtoa. Akaanguka juu yake.

"Kwa hiyo humo shimoni mlikuwa na maji ya chokaa," alisema Zilpa.

"Ndiyo. Na nani aliyaweka?" Angwenyi alifungua daftari kubwa la zamu, akaweka kidole. "Soma mwenyewe."

Zilpa alisoma. *Ijumaa, saa 12.00 jioni. Maji ya chokaa yamekwisha. Shimo limeoshwa, ni tupu. M. Nyangau, nyapara.*

"Manasseh Nyangau ni mzee wa kanisa," Angwenyi aliendelea. "Miaka kumi na minne yupo hapa, hajawahi kuandika uongo hata wa nukta. Akisema shimo lilikuwa tupu, lilikuwa tupu. Basi maji ya chokaa yalishuka kutoka mbinguni? Opondo alichukua ufunguo ofisini asubuhi ile, akafungulia chokaa, akafunga, ndipo akafungulia asidi. Alikuwa amelewa."

"Daktari hakukuta pombe."

"Daktari hakunusa vizuri." Alikunja leso yake mara nne. "Inspekta, nisikufiche. Watu wa huku wanasema umeletwa kumtoa wa kwenu."

Zilpa alisimama, akapangusa magoti.

"Machogu ni wa huku, Mkisii. Okeyo ni wa kwetu, Mjaluo. Walilala shimo moja, mmoja juu ya mwingine. Hao watu wa huku wakuambie nianze kumlilia yupi."

Kisha akamuuliza, kana kwamba anatimiza wajibu tu, kama kuna mtu aliyegusa kufuli la tangi la chokaa tangu Jumamosi ile. Hakuna, alisema Angwenyi. Alipofika saa nne, maiti zikiwa zimetolewa tayari, alilikuta limefungwa, likakaa hivyo hadi leo. Zilpa aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akampa kalamu. Meneja alitia sahihi kwa madaha, akaweka na tarehe.

Ndipo Zilpa akayafungua makufuli yote mawili, akayatia kila moja katika bahasha yake, na kuzifunga kwa lakiri mbele ya macho yake.

"Hayo ya nini?"

"Ni ya korti."

Hakumweleza zaidi. Jumatano alikuwa amepeleka medali ya Bikira Maria kwa mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari mjini. Ilikuwa medali aliyovaa Machogu shingoni. Mkewe aliapa kwamba Ijumaa jioni ilikuwa inameta kama mpya, na ilitoka shimoni nyeusi tititi. Mwalimu alichanganya vitu viwili katika chupa, akafungua madirisha yote, akaning'iniza juu yake kipande cha shaba ya njano. Kikawa cheusi kabla chai haijapoa. Gesi ile, alisema mwalimu, haichagui. Shaba yoyote iliyokuwa karibu itabeba alama yake.

Basi kufuli la hatua kumi na mbili lilibeba alama, na la hatua tatu halikubeba. Kama Opondo angelifungua na kulifunga kabla ya asidi, lingekuwa pale gesi ilipotoka, nalo lingekuwa jeusi. Halikuwapo. Lilikuwa mahali pengine, pengine mfukoni mwa mtu, na lilirudishwa baada ya gesi kupita, wakati Opondo amelazwa hospitalini hajitambui. Tangi la chokaa lilikuwa wazi usiku kucha.

Hilo lilimtoa meneja katika ukweli. Lakini halikumtoa Opondo katika seli, maana daftari bado lilisema shimo lilikuwa tupu, na daftari lilikuwa na sahihi ya mtu ambaye hakuna hakimu wa Kisii angemwita mwongo.

Akaomba meza. Walimpa kona katika chumba cha karani wa taipu, binti mmoja aliyeitwa Nyamoita, aliyepiga mashine yake bila kuinua uso. Zilpa alifungua daftari tangu Januari, akaandika pembeni saa za kila jioni alizoandika Manasseh. Jumatatu: 11.40. Jumanne: 12.10. Jumatano: 11.55. Alhamisi: 12.25. Ijumaa: 12.00. Wiki iliyofuata saa zilibadilika tena, zikapanda na kushuka kama saa za kazi ya kweli zinavyopanda na kushuka, hadi Ijumaa. Ijumaa ilikuwa 12.00. Na Ijumaa nyingine 12.00. Ijumaa ishirini na tatu, zote saa kumi na mbili kamili.

Kazi haiishi saa ileile mara ishirini na tatu. Mkono ndio unaoweza kuandika saa ileile.

Alifunga daftari na kutoka nje kunawa. Nyamoita akamfuata na vikombe vichafu, akafungua bomba mpaka mwisho ili maji yapige kelele.

"Unahesabu Ijumaa," alisema, macho kwenye vikombe. "Umechelewa kuhesabu, lakini umehesabu."

Zilpa alimwambia aseme kama ana la kusema.

"Hapa robo tatu ni Wasabato. Ijumaa saa kumi na moja hawako. Jua likizama Msabato hagusi kazi, hagusi kalamu, hata ukimwonyesha bunduki. Kila mtu anajua. Meneja anajua, kwa sababu ni Msabato mwenzao." Alitoa gazeti lililokunjwa chini ya aproni, akaliweka juu ya beseni. "Iliyomo humo niliipiga taipu mwenyewe, mkaguzi akinisomea, mwezi wa kwanza wa kuajiriwa. Nakala tatu. Moja Kisumu, moja kwenye faili la meneja, na kaboni nikabaki nayo. Mwaka huohuo aliniambia nichome ya faili. Nilichoma ya faili."

Ndani ya gazeti mlikuwa na karatasi mbili nyembamba, za rangi ya samawati iliyofifia. Septemba 1971. Taarifa ya mkaguzi wa viwanda juu ya kifo cha mfanyakazi mmoja ndani ya shimo la Motembe. Shimo hilohilo. Asidi hiyohiyo, na chokaa hiyohiyo, na siku ya Jumamosi. Mkaguzi alitoa maagizo matano. Zilpa alisoma la pili mara mbili:

*Kwa kuwa wengi wa wafanyakazi huondoka Ijumaa kabla ya jua kuzama, zamu ya Ijumaa ipokelewe ana kwa ana na mtu ambaye si Msabato. Wote wawili wafunue mbao na kulitazama shimo kwa macho yao ndipo daftari liandikwe.*

Chini kulikuwa na sahihi iliyopenya kwa kaboni. *Nimepokea na nitatekeleza. J. Angwenyi.*

"Na huyo mpokeaji zamu alikuwa nani?"

"Okeyo." Nyamoita alifunga bomba. "Miaka mitatu alikuwa anapokea yeye. Januari meneja akamwondoa, akampeleka zamu ya asubuhi. Alisema ni upuuzi kumlipa mtu mzima kutazama shimo."

Maji yalikuwa yamekatika, na sauti yake ikasikika mpaka ukutani. Hakuishusha.

"Walitufundisha kwa maiti moja, Inspekta. Tukakataa kujua. Sasa zimekuwa tatu, na aliyeitwa mjinga ni Opondo."

*

Saa tisa kasoro dakika tano Zilpa alisimama langoni, akatazama saa yake ya mkononi, akaanza kutembea. Alimwacha koplo, dereva wa Landrova, atangulie kwa barabara kubwa. Alitaka kupima kwa miguu njia anayopita Manasseh: kuvuka daraja la miti, kupanda kati ya migomba, kukatiza mashamba ya chai hadi mgongo wa kilima. Alitembea upesi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na hakuwa na mzigo. Alifika uani kwa Manasseh saa kumi na dakika kumi.

Mwendo wa saa moja na robo. Mzee wa miaka sitini angetumia zaidi.

Mke wa Manasseh, Mama Bitutu, alikuwa uani akipanga Sabato. Kuni zilikuwa zimepasuliwa na kupangwa, mitungi minne imejaa, viatu vya nyumba nzima vimepakwa rangi na kuwekwa mstari juu ya majani ya mgomba. Ugali wa wimbi ulikuwa umeshasongwa na kufunikwa. Alimpa mgeni kiti na kikombe cha uji, akamtania kwamba askari wa siku hizi wana visigino vyembamba. Mzee alikuwa anaoga, alisema; tangu polisi wafunge shimo hakuna kazi ya kumpeleka Motembe. Ijumaa huoga mapema, kwa sababu majirani huja hapa kuifungua Sabato.

Zilpa alisifu utaratibu wa boma. Akauliza kama mzee huwa hachelewi kurudi kutoka kazini.

"Ijumaa?" Mama Bitutu alicheka. "Mwanangu, tangu niolewe hapa sijawahi kumkuta Ijumaa na vumbi. Saa kumi na mbili amekaa kwenye kiti hicho ulichokalia, na Biblia mapajani. Ijumaa iliyopita hata alimzomea shemeji yangu kwa kuchelewa dakika kumi."

Zilpa aliweka kikombe chini. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta, na mwanamke aliyempa alikuwa bado anatabasamu.

Manasseh alitoka akiwa na shati jeupe lililofungwa hadi shingoni. Alikuwa mrefu, mikono imeliwa na chokaa mpaka kucha zimekuwa za njano. Alimsalimia Zilpa kwa Kiswahili cha shule ya misheni, kila neno likiwa limevaa viatu, akamkaribisha ndani, na kumwomba mkewe awaache.

Zilpa hakuzunguka. Aliweka daftari mezani, akafungua Ijumaa ile.

"Mzee, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Umeandika saa kumi na mbili jioni. Nimetoka kiwandani kwa miguu leo. Ni mwendo wa saa moja na robo. Ijumaa ile saa kumi na mbili ulikuwa umekaa hapa, umeoga. Kwa hiyo ulitoka Motembe saa kumi na nusu, au kabla. Nani alikuonyesha shimo tupu saa kumi na mbili?"

Mzee aliweka kidole juu ya mstari ule.

"Sikuandika uongo," alisema. "Niliandika kitakachokuwa."

Akaeleza. Kwa kawaida maji ya chokaa humwagwa Alhamisi. Ijumaa hubaki kulisuuza shimo tu, na maji ya kusuuza huisha yenyewe saa moja baada ya watu kuondoka. Okeyo alipokuwa anapokea zamu, yeye ndiye aliyesubiri na kutazama, na kuandika. Okeyo alipoondolewa hakuna aliyebaki. Manasseh hakutaka daftari liwe na pengo, wala hakutaka kurudi kuandika jua limezama. Basi akawa anaandika kabla hajaondoka. Saa kumi na mbili, kwa sababu ndiyo saa ambayo shimo huwa limekauka. Kila Ijumaa limekauka kweli.

"Isipokuwa ile."

"Isipokuwa ile. Saa nane mchana Angwenyi alinijia. Akasema kuna kazi ya ngozi za viatu, tangi limwagwe leo, asidi imwagwe kesho. Nikamwambia maji ya chokaa hayaishi kabla ya saa mbili usiku, na bomba lina manyoya. Nani atafunga koki, nani atatazama? Akanyoosha mkono. Akasema, 'Nipe kufuli na ufunguo, Mzee. Nenda kaombe. Nitaangalia mimi.'"

"Ukampa?"

"Nilivitia katika kiganja chake."

"Halafu ukaandika shimo ni tupu."

"Nikaandika."

"Ukijua lina maji."

Manasseh alifunga macho. Zilpa aliinuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipanda.

"Mzee, Opondo yuko seli kwa ajili ya mstari huu. Si kwa ajili ya asidi. Mstari huu. Meneja anasema wewe huwezi kudanganya, kwa hiyo Opondo ndiye muuaji. Anakufanya Biblia yake. Jumatatu kijana yule atafungwa miaka, na wewe umenyoosha shati unangoja kuimba."

"Kwa nini hukuja kwangu Jumapili?" aliuliza mzee. Halikuwa swali la kujitetea.

"Kwa nini hukuja kwetu?"

Nje, majirani walikuwa wameanza kuingia, wake kwa waume, wakizungumza chini chini kama wanaofika matangani. Jua lilikuwa limebakiza kitu kama saa nzima. Zilpa alijua hesabu yake: likizama, Manasseh hatashika kalamu hadi kesho jioni, na kesho mchana kutwa Angwenyi atakaa naye benchi moja kanisani, bega kwa bega. Akatoa karatasi za maelezo, akaandika yote aliyosikia kwa mwandiko mkubwa, akamsomea. Manasseh alimsimamisha mara moja tu. Alitaka paandikwe kwamba alijua shimo lina maji. Zilpa alikuwa ameandika kwamba hakuhakikisha.

"Andika nilijua," alisema. "Neno lile jingine ni la kunibembeleza."

Alitia sahihi kila ukurasa, polepole.

Gari la Angwenyi liliingia uani wakati wino haujakauka. Meneja alishuka na Biblia chini ya kwapa, akiwasalimia watu kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, akacheka na mtu mmoja, kisha akaliona daftari la kiwanda mikononi mwa Zilpa mlangoni.

"Inspekta, hapa ni mahali pa ibada."

"Ndiyo maana nimefurahi umekuja." Alimwonyesha ile nakala ya samawati, akiishika mwenyewe. "Unaijua?"

Angwenyi aliitazama, na rangi yake haikubadilika. "Karatasi kuukuu. Hayo mambo yalikwisha."

"Yalikwisha kwa nani? Wapo wawili chini ya udongo wiki hii kwa sababu hukuyasoma."

"Niliyasoma. Mkaguzi hajui gharama ya kuendesha kiwanda." Akageukia majirani, akatanua mikono. "Jamani, huyu dada ana uchungu wa nduguye, tumvumilie. Lakini ukweli ni kwamba mzee wetu hapa ndiye aliyeandika. Kama kuna kosa, ni la mwandishi. Mimi nilikuwa Kisii Ijumaa ile, mkutanoni."

Manasseh alitoka nyuma ya Zilpa, akasimama mbele ya watu wake wote. Alizungumza Kiswahili, ili Inspekta asikie.

"Nilikupa kufuli na ufunguo mkononi, Angwenyi. Ukaniambia niende nikaombe. Nikaenda. Hilo ni kosa langu na nimelitia sahihi. La kwako ni lipi?"

Mama Bitutu aliketi chini, pale pale, katikati ya vile viatu.

"Mzee, utafungwa," alisema Angwenyi kwa upole.

"Nitafungwa."

Zilpa alimwambia meneja kwamba anamkamata kwa kuua watu wawili kwa uzembe, na kwa kuwapa polisi maelezo ya uongo juu ya kufuli ambalo alilirudisha mwenyewe baada ya gesi kutoka. Angwenyi alicheka mpaka koplo alipomshika mkono.

*

Walifika stesheni ya Kisii saa moja na nusu. Angwenyi aliomba simu. Alizungumza dakika tatu, akakaa kwenye benchi na kuanza kusoma gazeti la juzi. Dakika ishirini baadaye simu ikalia, na mkubwa wa Zilpa ndiye aliyekuwa upande wa pili.

Zilpa alisikiliza amesimama. Alitaja kufuli, alitaja daftari, alitaja sahihi ya mwaka 1971. Mkubwa alimwambia amefanya kazi nzuri. Opondo aachiliwe, ni sawa, abaki shahidi. Nyangau awekwe ndani, kwa kuwa amekiri. Bwana Angwenyi ni mtu mwenye anwani. Apewe dhamana, aitikie mwito Jumatatu. Na lile shimo lifunguliwe. Kiwanda kina wafanyakazi mia moja na wana watoto.

"Shimo ni ushahidi, afande."

"Una makufuli. Ushahidi si lazima uwe mkubwa."

Aliandika yote katika kitabu cha matukio, neno kwa neno, pamoja na saa ya simu na jina la aliyepiga. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili. Angwenyi alitia sahihi ya dhamana, akamtakia Sabato njema, na mlangoni akageuka.

"Kesho saa mbili kuna zamu, Inspekta. Nimeajiri vijana wanne. Hakuna aliye juu ya kazi."

Kisha koplo akafungua seli. Opondo alitoka akiwa ameshika suruali, maana walikuwa wamemnyang'anya mshipi. Alikuwa bado anakohoa. Alimwona Manasseh kwenye kaunta, shati jeupe, akivua viatu vyake vilivyopakwa rangi na kuvikabidhi kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe.

"Mzee, umekuja kuniona?"

"Nimekuja kukaa."

Opondo alitazama seli, akamtazama mzee, akaelewa. Zilpa alifikiri angempiga. Akajiandaa kuwatenganisha.

"Okeyo alilisoma daftari kwa sauti," alisema Opondo. "Asubuhi ile. Mimi nilitaka tufunue mbao kwanza, kama zamani. Akanicheka. Akasema, 'Mwandiko wa Manasseh huo, unataka nini tena?' Ndipo nikafungulia."

Manasseh akaingia ndani mwenyewe, bila kusukumwa, na koplo akafunga.

Zilpa alimkalisha Opondo mezani, akamwagizia chai, akamweleza yote kwa kifupi: yeye yuko huru, meneja yuko nje, na kesho shimo litafunguliwa. Ofisi ya mkaguzi, Kisumu, itafunguliwa Jumatatu. Alikuwa amempigia mkaguzi simu nyumbani, hakupokea. Alisema ataendelea kupiga, na saa moja asubuhi atakuwa langoni Motembe na sare yake, hata kama ni kusimama tu.

"Sare hawaiogopi," alisema Opondo. "Wanne hao nawajua. Wawili ni wa kwetu, wawili wa huku. Wana njaa. Ukiwaambia washuke watashuka." Akanyoosha mkono. "Nipe ile karatasi nikawasomee."

"Ni kielelezo. Ikipotea, Angwenyi amepona."

"Basi nisomee wewe."

Zilpa akasoma. Opondo alirudia kila agizo, kwanza kwa Kiswahili kama lilivyoandikwa, kisha kwa Kijaluo, kisha kwa Ekegusii chake cha kiwandani, akipinda kidole kimoja kila alipolishika. Maji ya chokaa na asidi yasimwagwe katika wiki ileile. Shimo litazamwe na watu wawili ndipo daftari liandikwe. Mtu asishuke bila kamba kiunoni, na wawili wameishika juu. Alikosea la tatu. Zilpa akamwambia arudie. Akarudia mpaka likakaa.

"La nne," alisema Zilpa, na akasita kidogo kabla ya kulisoma. "*Mtu akianguka shimoni, mwenzake asimfuate ndani kamwe. Avutwe kwa kamba. Anayemfuata atakufa naye.*"

Opondo hakurudia. Chai ilikuwa imefanya utando juu.

"Hilo liliandikwa mwaka gani?"

"Sabini na moja."

"Okeyo aliajiriwa sabini na tatu." Alikohoa, akapangusa mdomo kwa mkono. "Miaka mitatu alikaa ndani ya uzio ule. Hakuna aliyemwambia. Angeambiwa asingeshuka. Mimi nilikuwa nimekodolea macho miguu ya Machogu humo shimoni, nikamwona Okeyo anavua shati, na sikumzuia, kwa sababu na mimi nilidhani ndivyo mtu anavyofanya."

Zilpa aliisogeza karatasi karibu na taa.

"Sema la nne," alisema.

Opondo alifungua kiganja chake juu ya meza, akakitazama kidole cha nne kwa muda, kisha akakipinda na kuanza.